Kulihadaa Tope: Hatua Kumi za Kuchagua Loki ya Difu kwa Pikapu Kuukuu

Sogea karibu, ndugu yangu, maana haya tunaambiana sisi wenyewe. Una pikapu ya miaka mingi, Hilux iliyoanza kazi enzi za Mobutu au Land Cruiser iliyokwisha kupita mikononi mwa mashirika kadhaa, na kila ukivuka daraja la mto Tshopo kuelekea Banalia moyo unakwenda mbio. Unataka loki ya difu. Unataka pia kupita mbele za watu pale ambapo wenzako wamezama. Usione haya, kila dereva ana tamaa hiyo, na mwongozo huu umeizingatia.

Kwanza lielewe tope lenyewe. Mji wetu wa Kisangani uko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, na mvua hunyesha karibu kila mwezi. Kiangazi cha kusubiri barabara ikauke hakuna. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ukishalowa, hakuna injini ya pikapu itakayoushinda kwa kunguruma. Basi acha kupigana nao. Uhadae.

1. Mjue msaliti wako

Msaliti yumo ndani ya gari lako. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza ya difu mwaka 1827, kwa ajili ya gari la mvuke, na shabaha yake ilikuwa kona: gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani bila kuburuzana. Kwa kona, difu ni neema. Kwa tope, ni balaa, kwa sababu difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kulia na kushoto. Gurudumu moja likiwa juu ya utelezi, halihitaji nguvu nyingi ili lizunguke. Na lenzake lililokanyaga pagumu hupewa kiasi hichohicho kidogo. Fikiria wabebaji wawili wa tipoi: mmoja akiteleza, mwenzake awe na misuli ya namna gani, mgonjwa hafiki.

Loki huyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, utake usitake. Kazi yake inaishia hapo. Haitengenezi mshiko pasipo na mshiko. Inakuruhusu tu kuutumia ule uliopo. Andika sentensi hiyo kwenye karatasi, ibandike garajini, na utakuwa umewazidi wauzaji wengi wa vipuri.

2. Pima ulicho nacho kabla ya kufungua pochi

Huenda umekwisha kuwa na msaada usioujua. Egesha pahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua ponti (ekseli) ya nyuma na uikalishe juu ya stendi imara. Weka gia huru, achia breki ya mkono, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, difu yako ni ya kawaida, au ni ya kujibana yenyewe lakini imechoka. Likizunguka upande uleule, kuna kitu ndani kinachobana. Mteremshe fundi wako chini akatazame ni nini.

Halafu nenda mbele. Pikapu nyingi za zamani zina vifungio katikati ya magurudumu ya mbele, vya kuzungusha kwa mkono kutoka FREE hadi LOCK. Mwenye gari huvuta kijiti cha magurudumu manne, taa ikawaka, akajiona amemaliza, kumbe mbele hakuna kinachovuta. Vifungio vimekaa FREE tangu gari liliponunuliwa, au vimeganda kwa kutu. Vifungue, visafishe, vitie grisi. Kazi hiyo haifiki hata nusu siku, na kwa wengi inamaliza tatizo lililotaka kuwapeleka kununua loki.

3. Tumia hila za bure

Hizi ndizo njia za mkato ninazozipenda, maana hazina risiti.

Breki ya mkono. Gurudumu la nyuma likianza kuzunguka ovyo, vuta breki ya mkono kidogo, mibofyo miwili au mitatu, huku ukikanyaga mafuta polepole. Kwenye Hilux kuukuu ni ule mpini wa kuvuta ulio chini ya dashibodi. Breki inalipa kazi lile gurudumu linaloteleza, na difu kwa tabia yake ya kugawa sawa inalipa lenzake kiasi hichohicho. Gari linatambaa. Usitumie hila hii kwa mwendo mrefu, utaunguza breki. Na kwenye Land Cruiser za zamani kabisa ambazo breki ya mkono inashika shafti nyuma ya gia boksi, usijisumbue: hapo haisaidii kitu.

Upepo wa tairi. Ikiwa gari halina mzigo mzito, shusha hadi karibu baa 1.5. Tairi inalala, inakanyaga pana zaidi. Tembea polepole, na ubebe pampu ili uurudishe upepo mbele ya safari.

Uzito. Pikapu tupu ina kitako chepesi. Mifuko michache ya saruji juu ya ponti ya nyuma hufanya kazi nzuri. Abiria wa nyuma, lakini, washushe kabla ya bwawa la tope: gari hupanda juu, nao hubaki salama. Waambie kwa adabu, "Mama zangu, papa zangu, tushuke kidogo, tutapandia ng'ambo." Watakusifu kwa busara.

4. Tairi kwanza, na zilingane

Hapa ndipo pesa yako ya kwanza iende. Loki ghali juu ya tairi zilizonyolewa inazungusha vipara viwili badala ya kimoja. Tafuta tairi zenye meno makubwa yaliyoachana, zinazotema udongo zikizunguka.

Kisha angalia jambo ambalo garaji nyingi hulipita: tairi mbili za ponti moja ziwe za kipimo kimoja na uchakavu mmoja. Najua tabia yetu, kulia ya aina hii, kushoto ya aina ile, spea ndiyo iliyobaki. Kwa difu ya kawaida unaweza kuponea. Kwa loki, gurudumu dogo na gurudumu kubwa yaliyofungwa pamoja yatavutana kila mita, na atakayelipa ni shafti.

5. Zijue aina nne, na tabia za kila moja

Difu ya kujibana. Ina sahani ndogo za msuguano zinazopunguza tofauti ya kasi kati ya magurudumu mawili. Land Cruiser nyingi za kazi na Nissan Patrol zilitoka nayo kiwandani. Ni ya upole, haina kitufe wala waya, na inataka oili iliyoandikwa kwamba ni ya difu za namna hiyo. Ubaya wake: sahani huisha kimyakimya, na gurudumu moja likining'inia hewani kabisa, msaada unakuwa mdogo.

Loki ya kujifunga yenyewe. Hii inaingia mahali pa pinioni ndogo za ndani ya difu, na ganda lako linabaki lilelile. Ndiyo nafuu kuliko loki nyingine mpya, na fundi mwangalifu anaiweka bila kugusa mpangilio wa krauni na pinioni, zile gia kuu mbili za difu. Ukikanyaga mafuta inafunga; ukikata kona inaachia gurudumu la nje. Itagonga na kulia kwenye kona, abiria watauliza. Waambie ni kawaida, kwa sababu ni kweli. Lakini kumbuka barabara zetu zilizoinama pembeni ili maji yashuke: magurudumu mawili yakiteleza kwa pamoja, mkia wa gari huelekea mtaroni, na loki hii huwezi kuizima.

Loki ya kuamrisha. Unabonyeza kitufe, hewa au mota ya umeme inafunga difu. Unabonyeza tena, inafunguka na gari linarudi kuwa gari. Ya hewa, kama zile za kampuni ya ARB ya Australia, ina nguvu sana, ila inataka kompresa, mpira wa hewa na sili, na kuiweka kunamlazimu fundi kupanga upya krauni na pinioni. Ikiwa mpya, pamoja na kompresa yake, inapita dola elfu moja. Ya umeme ndiyo Toyota waliyoweka kiwandani kwenye baadhi ya Hilux na Land Cruiser. Ukiona Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye swichi ya kuzungusha iliyoandikwa RR na FR, umeiona: kwanza inafunga nyuma, kisha mbele na nyuma pamoja.

Difu ya kuchomelea. Fundi anazichomea pinioni ndogo zisizunguke tena, na hapo umepata loki kwa bei ya vijiti vya welding. Tope utalipita. Halafu utarudi mjini, Makiso, kwenye lami, na kila mzunguko wa barabara tairi zitalia, usukani utakuwa mzito, na siku moja shafti itakatika au kipande cha welding kitadondoka katikati ya meno ya krauni. Rahisi ghali. Iache kwa gari lisilotoka shambani.

6. Anza nyuma, uishie nyuma

Muuzaji atataka kukuuzia jozi. Mtabasamie, ununue ya nyuma tu. Unapopanda, uzito unarudi nyuma; mzigo wako uko nyuma; na ponti ya nyuma ina shafti nene kuliko viungo vya mbele. Loki ya mbele ikifungwa, usukani unakataa kukata, nawe unakwenda moja kwa moja mahali ulipotaka kupakwepa. Gari lenye magurudumu manne yanayovuta na loki moja ya nyuma linakuwa na magurudumu matatu yenye uhakika wa kusukuma. Yanatosha kukufikisha Bafwasende na kukurudisha.

7. Nunua kuukuu kwa macho mapya

Vipuri vingi vinavyofika kwetu kwa barabara vimepitia Mombasa na Kampala, vikaingia Kasindi, Beni, Komanda, Mambasa na Nia-Nia. Ukinunua kibaya, kukirudisha ni safari nyingine. Kwa hiyo hesabu hapohapo sokoni.

Fungua boneti usome kibati cha gari lako kwenye mstari wa TRANS/AXLE, uandike herufi na tarakimu zote. Kisha hesabu meno ya difu unayouziwa: krauni 41 na pinioni 10 ni uwiano wa 4.1. Uwiano wa nyuma lazima ulingane na wa mbele. Ukiwa na 4.1 nyuma na 4.3 mbele, siku utakayovuta kijiti cha magurudumu manne pande mbili za gari zitapigana, na gia boksi ndiyo itakayoumia.

Ingiza kidole ndani ya difu. Oili yenye rangi ya maziwa maana yake maji yaliingia. Unga wa chuma wenye kung'aa ni meno yanayoliwa. Kama ni ya umeme, unganisha mota kwenye betri mbele ya macho yako. Mota iliyoganda kwa kutu ni kawaida sana kwenye difu zilizokaa bila kutumika. Ujue pia kwamba difu ya umeme ya Toyota haiingii hivihivi kwenye ganda la ponti lisilotengenezwa kwa ajili yake: ganda linahitaji kukatwa na kurekebishwa. Ikiwezekana nunua ponti nzima, na shafti zake.

8. Mchague fundi kabla ya kuchagua loki

Hii ndiyo siri ya mwongozo wote. Loki iliyo bora ni ile ambayo mtu wa hapa anaweza kuitengeneza siku utakayokuwa Ubundu. Muulize fundi swali moja: "Yaya, ukiweka krauni na pinioni, unajuaje kwamba zimekaa?" Akikuambia anapaka rangi meno, anazungusha, anasoma alama ilipoangukia, kisha anapima nafasi kati ya meno kwa saa ya kupimia, mpe kazi. Akikuambia anasikia kwa sikio, msalimie vizuri na uondoke. Kama hakuna mwingine, mpe difu ya kujibana iliyo nzima, iliyokwisha kupangwa pamoja na krauni na pinioni yake.

Bahati yako ni kwamba kwenye Hilux hizi na ndugu zao wa Toyota, difu ya nyuma inatoka nzima kwa mbele ya ponti baada ya kuchomoa shafti. Inaweza kupangwa mezani, chini ya kivuli, hata kupelekwa mji mwingine kwa fundi bingwa ikarudi tayari. Oili iwe 80W-90 ya daraja la GL-5, na mpira wa kupumulia wa ponti upandishwe juu hadi karibu na bodi, maji ya mtoni yasinywewe na difu.

9. Itumie kwa madaha

Sasa tufike kwenye sifa, najua uliisubiri sehemu hii. Simama kabla ya tope. Shuka, pima kina kwa fimbo, tazama wapi malori yamechimba. Mifereji ya malori ni mipana kuliko pikapu yako: gurudumu moja litakuwa shimoni na lingine juu ya tuta. Hapo hasa ndipo loki inapolipa gharama yake. Lakini kama fimbo inazama zaidi ya urefu wa tumbo la gari, hakuna loki itakayokusaidia. Difu itakaa juu ya tope, magurudumu yakichapa hewa.

Rudi ndani, funga loki ukiwa umesimama au unatambaa, weka gia ya pili ya mwendo mzito, ingia kwa mwendo mmoja, mguu usitetemeke. Usibonyeze kitufe wakati gurudumu linazunguka kwa kasi. Meno ya loki yatagongana na mengine yatavunjika. Ukifika pakavu, ifungue papo hapo. Watazamaji wataona gari limepita kwa utulivu. Usione vyaelea, vimeundwa. Na wewe huna haja ya kuwaeleza uliundaje.

Mara moja kwa mwezi, hata kama hukuenda popote, ifunge na kuifungua kwenye udongo laini mara kadhaa. Mota na kijiti chake vitaendelea kukutii.

10. Jifunze kukwama kwa heshima

Utakwama. Lori lenye magurudumu kumi hukwama njia ya Lubutu, sembuse wewe. Mwenye heshima hutambulika kwa anachokifanya dakika ya kwanza: anaondoa mguu kwenye mafuta. Kila mzunguko wa bure unachimba, na loki inachimba mara mbili, maana sasa ni magurudumu mawili yanayoteremka pamoja.

Vijana wa majembe watafika, wanaifahamu sehemu hiyo kuliko wewe. Patana nao kabla koleo la kwanza halijagusa udongo.

"Papa, utatupa ngapi?"

"Nyinyi semeni, wanangu, na bei iwe pamoja na kujaza shimo."

Anza kwa kuondoa udongo ulio chini ya tumbo la gari, kisha mbele ya magurudumu, ndipo uweke matawi na mbao. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye chasisi, kamwe isifungwe kwenye mpira wa kukokotea trela, unaoweza kukatika na kuruka kama risasi. Watu wote wasogee mbali na kamba.

Uamuzi

Kama ungeniambia nikuchagulie leo, kwa pikapu kuukuu ya Kisangani, ningekupangia hivi. Tairi nne za tope zinazolingana. Vifungio vya mbele vinavyofunga kweli. Breki ya mkono inayoshika. Pesa ikibaki, loki ya kuamrisha ya nyuma, ya Toyota ya kiwandani kabla ya nyingine zote, kwa kuwa vipuri vyake hupatikana na mafundi wanaifahamu. Pesa isipotosha, difu ya kujibana iliyo nzima. Ya kujifunga yenyewe iwe ya mtu anayeishi porini na asiyejali kelele. Ya mbele, na ya kuchomelea, ziache dukani.

Na ukishatoka kwenye tope kwa madaha yako yote, rudi na koleo ulijaze shimo ulilochimba. Barabara hii ndiyo inayoleta mihogo, mchele na wagonjwa mjini, na anayekufuata nyuma huenda hana loki.